Kukaa Kitako Arobaini ya Mama

Bibi, mzaa mama, alikuwa na sharti moja kwa wanawake wa dhikri yake: anayeingia kwenye duara hajitikisi mpaka dua ifungwe. Anayejiona hawezi akae barazani, na anayeshindwa katikati atoke taratibu. Mama alikaa kwenye duara lile tangu ujana wake.

Alipofariki mimi nilikuwa shule ya bweni. Nikashuka lori Kibiti, nikafika kwetu Mkongo udongo wa kaburi umeshakauka. Sikumwosha, sikumwona. Nikataka walau arobaini yake nikae ndani na wenzake, si barazani na watoto. Ila mimi kusema jambo ni kazi. Nikashinda siku nzima nikimfuata Bibi nyuma, jikoni, kisimani, mpaka akaniuliza mwenyewe.

"Mke mwenzangu, unataka nini?"

"Kukaa."

"Kaa basi. Nani kakukataza?"

"Kwenye duara, Bibi. Siku ya Mama."

"Kesho twende dunguni," akasema.

Dungu letu lilikuwa kibanda juu ya nguzo ndefu, katikati ya mpunga, tulikokaa kufukuza ndege. Adhuhuri, jua linapowatuliza ndege, Bibi alikuwa akileta uradi wake, dhikri yake ya kila siku, humo. Akanionyesha mkeka, nami nikakaa nilivyofundishwa shuleni. Mwalimu wetu Mwingereza alikuwa akipita na rula migongoni mwetu: kifua mbele, mabega nyuma, kidevu juu. Bibi akanitazama weee.

"Unamsubiri Bwana Shauri wa serikali aje kukukagua?"

"Nimenyoosha mgongo, Bibi."

"Umenyoosha, naona. Na pumzi umeiweka wapi? Tumbo limekaza kama ngoma."

Akanifundisha kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Alikunja kanga kuukuu, akaisukuma chini ya makalio yangu ili magoti yashuke yenyewe mpaka mkekani. Akanisukuma mbele, akanivuta nyuma, kushoto, kulia, kila mara kidogo zaidi, mpaka nikatulia katikati. Kiuno kisimame, tumbo lilegee. Kidevu kiingie ndani kidogo. Viganja juu ya mapaja. Ulimi ubandikwe kaakaani, pumzi ipite puani bila kusikika.

"Dungu hili," akasema akigonga sakafu ya fito, "uzito wake uko nguzoni. Paa halijishikilii."

Miguu ikafa ganzi, nikamwambia.

"Iache ife. Itafufuka."

Nadhani neno lile lilimchoma mwenyewe, maana aligeuka akautazama mpunga kwa muda mrefu, na ndege hawakuwepo.

Tulikwenda dunguni kila adhuhuri. Arobaini ilipokaribia nilikuwa naweza kutulia mpaka Bibi amalize uradi wake wote, nikajiona niko tayari.

Siku yenyewe chumba kilijaa, wengine wametoka Ngorongo kwa miguu. Bibi akaniweka kati ya mama mkubwa, dada yake mama, na mgeni mmoja mnene nisiyemjua. Nikaona haya kumgusa mgeni. Nikajikusanya, nikayavuta magoti juu ili nisimbanie mtu nafasi. Dhikri ikaanza kwa sauti, la ilaha illa llah, ikashuka, ikashuka tena, mpaka ikabaki pumzi tupu.

Katika ukimya ule ndipo nilipoanza kushindwa. Magoti yalikuwa hewani, mgongo ukatetemeka, na baadaye sikujua tena kama natetemeka au nalia. Nikajua nitaanguka, na nikianguka itabidi nitoke. Nitakuwa nimekosa maziko, na hii nayo nimeikosa.

"Leta goti," mama mkubwa akaninong'oneza, macho amefumba.

Sikuelewa.

"Goti, mwanangu. Lishushe. Liweke juu ya langu."

Nikafumbua jicho kidogo. Kumbe wanawake wote walikaa goti juu ya goti la jirani, duara zima, kama makuti yanavyolaliana paani. Dunguni nilikaa peke yangu, ningelijuaje hilo? Nikashusha magoti. La kushoto likapata la mama mkubwa. Juu ya la kulia yule mgeni akaweka lake, zito, la moto. Mgongo ukatulia. Machozi yalinidondoka kidevuni, sikuyafuta, maana kufuta ni kujitikisa. Na goti la mama mkubwa lilikuwa likitetemeka chini ya langu, tangu hapo mpaka mwisho.

Dua ilipofungwa sikuweza kusimama. Mama mkubwa akanikanda miguu.

"Msomi mzima unaogopa magoti ya watu?"

"Sikutaka kuwabana."

"Hapo ulipokaa ni pa mama yako. Pamebaki wazi tangu aondoke. Unambana nani?"

Wanawake walikuwa wameanza kukunja mikeka ili sinia zipite. Bibi, upande wa pili, alikuwa bado amekaa vilevile, hajafumbua macho, machozi yakimshuka, na hakuna aliyemgusa.