Mama Mkosi

Shangazi yangu hakugusa kompyuta ya ofisini kwetu bila kwanza kuigonga kwa kidole: "Hodi jamani, ni mimi." Printa ikikwama au lifti ikigoma, wenzetu walipaza sauti, "Mama Mkosi kapita!" Mwishowe hata yeye aliamini. Meneja, ambaye hakuwahi kumwita fundi hata apanguse vumbi, alimwachisha shangazi kazi ili mitambo ipumue. Wiki iliyofuata kompyuta zote zikazimika kwa mpigo. Meneja akampigia simu: "Mama, umetuachia nini humu?"

Nilipomtembelea shangazi nyumbani mara ya mwisho, redio kuukuu aliyokuja nayo alipoolewa ilikuwa ikiimba pembeni yake bila mkwaruzo. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, usikae karibu na printa. Sasa hivi wanatafuta mkosi mwingine."