Nywele za Santina na Mikono ya Duku

Santina wa Gurei, mtaa wa Juba, mwalimu wa chekechea, alikaa miaka mingi bila mtu wa nje kukiona kichwa chake. Siku za kazi alijifunga kitambaa, Jumapili alivaa wigi, na ibada ikiisha hakusimama na mtu kuzungumza.

Alikulia Uganda, ukimbizini, na shuleni kwao wasichana wote walinyolewa. Aliporudi Juba alikuwa mwanamke mzima asiyejua nywele zake mwenyewe zikoje. Zilipoota nzito na kukataa chanuo, alizihesabu adui. Akazitia dawa ya kulainisha mara kwa mara, ikichoma anavumilia, kisha akasukia rasta za kubana mpaka macho yanavutika. Baada ya kumzaa binti yake, Joy, nywele za mbele zikaanza kung'oka zenyewe, na pembeni mwa paji la uso ikabaki ngozi tupu inayong'aa.

Aliyemwonyesha kwamba hali inaweza kubadilika ni Ilwad, Msomali kutoka Garissa, mama wa makamo mwenye duka la vitambaa katika soko la Konyo Konyo. Siku moja Santina alikuwa dukani akijaribu kilemba. Alipokivua, wigi likatoka nacho mbele ya wateja. Ilwad hakucheka. Alimshika mkono, akampeleka nyuma ya pazia ambako wanaume hawaingii, akavua mtandio wake. Alikuwa amesuka misokoto minene iliyomfika mabegani.

Santina akasema kwa uchungu kwamba hizo ni nywele za Kisomali. Ilwad akamwambia aziguse. Zilikuwa ngumu kama zake. Akamweleza kwamba amezirithi kwa bibi yake, na kwamba hata yeye katika ujana wake alizitia dawa mpaka zikakatika.

"Dada, umezipiga vita sana," akamwambia. "Sasa zipe maji, zipe mafuta, na usizivute."

Kuanzia hapo Santina akawa mwanafunzi. Alizikata zote zilizoungua na dawa, akabaki na nywele fupi za asili. Kila wiki aliziosha kwa qasil, unga wa majani ambao Wasomali huukoroga na maji mpaka utoe povu. Alijifunza kuzichambua kwa vidole zikiwa zimelowa, akianzia kwenye ncha na kupanda polepole kuelekea kwenye shina. Ilwad alipomwuliza kwao wanapaka mafuta gani, Santina alikumbuka mafuta ya lulu, yaani shea, ambayo mama yake huko kwao Magwi hukamua kutoka kwenye mbegu za mti huo. Siku zote aliyaona ni ya kupikia mboga tu. Akaagiza chupa. Akawa anayapaka nywele zikiwa bado na unyevu, anazisokota bila kubana, na usiku anazifunga kwa kitambaa cha satini alichopewa na Ilwad.

Hazikuota kwa haraka. Ilipita misimu kadhaa ya mvua kabla ya vinywele laini kujitokeza pale pembeni. Santina alivipapasa mbele ya kioo, akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo.

Kisha boda boda aliyopanda ikateleza kwenye matope, naye akavunjika mkono wa kulia. Akafungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko. Wakati huo Ilwad alikuwa Nairobi akimuuguza dada yake. Kwa mkono mmoja Santina hakuweza kuchana wala kusokota, na nywele zikafungamana mpaka kichwa kikauma. Akamwomba mumewe Duku, fundi wa kuchomelea vyuma, amletee mashine ya kunyolea.

Duku alirudi jioni hana mashine. Akaweka kiti uani, akanawa mikono, akachukua chupa ya mafuta.

"Mama Joy, hii nywele umeilea kama mtoto," akasema. "Leo unainyoa?"

"Baba Joy, nani ataichana?"

"Mimi iko."

Mikono yake ilikuwa na sugu na mipasuko ya kazi, ikawa inanasa kwenye nywele. Ikabidi aipake mafuta hiyo mikono kwanza. Santina akamwelekeza: lowesha, anza kwenye ncha, likitokea fundo lifungue taratibu. Kazi hiyo ilimaliza jioni nzima. Misokoto ya kwanza ilielekea kila upande, na Joy alicheka mpaka akakaa chini. Duku akaifumua, akaanza tena. Santina aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka, na wala hayakuwa ya maumivu.

Habari zikafika karakanani, na mafundi wenzake wakamtania. Duku akawajibu kwamba wake zao wakivunjika mikono, wasije kwake kuomba wafundishwe.

Plasta ilipokatwa, nywele ukizinyoosha zilifika begani. Jumapili iliyofuata Santina alikwenda kanisani kichwa wazi, kimesukwa misokoto ya Duku ambayo sasa ilikuwa imenyooka. Ulipofika wakati wa shukrani akasimama. Alikusudia kushukuru kwa ajili ya mkono uliopona, lakini akajikuta anamtaja mama mmoja Mwislamu wa sokoni aliyemvulia mtandio ili kumtoa aibu, na mume aliyekataa kumnyoa. Duku alitazama sakafu mpaka mkewe alipokaa. Ilwad aliporudi, Santina akampelekea dumu la mafuta ya lulu kutoka Magwi, wakakaa nyuma ya pazia wakisukana na kupiga soga hadi adhana ya alasiri.

Kila Jumamosi Duku akitoka kazini bado ananawa vumbi la chuma na kuweka kiti uani. Santina hajawahi kumwambia kwamba mkono umepata nguvu zamani. Duku humwona akibeba ndoo za maji kila asubuhi, na hajawahi kumuuliza.