Kompyuta Isiyoijua Ishilini

Baba mkwe alianguka na pikipiki barabara ya Mhunze, akarudi nyumbani mikono yote miwili imefungwa plasta. Maumivu hakuyalalamikia. Alilalamika kwamba hawezi kucheza drafti.

Mimi nafundisha kompyuta sekondari. Rafiki niliyesoma naye alikuwa ametengeneza drafti ya kuchezwa kwa sauti, bila mtandao, akatafuta mtu wa kuijaribu. Nikaiweka kwenye laptopu, nikamtengea mzee mezani. Kila nyumba ya ubao ilikuwa na namba, moja hadi thelathini na mbili. Unataja kete ilipo, kisha inapokwenda.

"Kumi na moja, kumi na tano," alisema baba mkwe. Kete ikasogea. Akacheka mpaka plasta zikagongana.

Tabu ilianza kete zilipovuka ng'ambo. Baba mkwe ni Msukuma wa Kishapu. Kwake ishirini ni "ishilini", na thelathini ni "selasini".

"Ishilini na mbili!" alifoka. Kete haikusogea. Nikajaribu kumfundisha kukunja ulimi.

"Ulimi huu una miaka sabini," akaniambia. "Haukunjwi na mkamwana."

Hapo akaingia jirani yetu, muuza khanga mzaliwa wa Pangani, kumpa pole. Maneno yakaenda yakarudi, mwisho akasema, "Mimi nilikuja huku na miaka ishirini na mbili, nikaoa na ishirini na sita."

Kete ikaenda. Baba mkwe akaitazama skrini, kisha akamtazama jirani kwa upendo ambao sisi wanawe hatujawahi kuupata. Akasubiri kompyuta icheze zamu yake.

"Umesema ulioa na miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na mtoto wa kwanza?"

"Thelathini."

Kete ikafika mwisho, ikawa kingi.

Jirani hakujua lolote. Siku tatu mfululizo alikuja baada ya alasiri, kanzu imepigwa pasi, kusimulia maisha yake. Siku ya nne baba mkwe alihitaji thelathini na moja.

"Huyo mtoto, hukumpata na thelathini na moja kweli?"

"Thelathini."

"Ongeza mmoja. Kuna ubaya gani?"

Jirani akasimama. "Mzee mwenzangu, unamshuku mke wangu?"

Ikabidi nimgeuzie laptopu, nimweleze yote huku nikiona aibu. Aliuinamia ubao, akahesabu kete.

"Huko unakoipeleka utaliwa," alisema. Akavuta kiti, akaanza kucheza mwenyewe. Baba mkwe akabaki kumshauri kwa sauti kubwa, na kompyuta haikusikia hata neno.

Walifungwa vibaya. Walilaumiana mpaka adhana ya magharibi.