Sauti ya Baba Mdogo Kwenye Spika

Spika zangu za mezani nilizinunua kwa ajili ya mazoezi ya kwaya. Ziko mbili, nyeusi, kila moja upande wake wa kompyuta, na ile ya kulia ina matundu ya kuchajia simu chini ya kitufe cha sauti. Matundu hayo yalinikomesha. Tangu majirani zangu wa Nemba wajue yapo, sikupumua. Mtu anakuja na simu yake, anakaa, anakunywa chai yangu, kisha anaomba nimwekee na nyimbo kidogo wakati anasubiri ijae. Na usipoziwasha spika, matundu hayatoi umeme. Ukiziwasha, mwanamke aliyemo ndani anatangaza kwa Kiingereza cha puani kwamba yuko tayari, kisha anaidaka simu yangu bila kebo, na kila sauti ya simu hiyo inatokea kwake. Nilishamzoea mpaka nikamsahau.

Wakati huo Mama alikuwa kwangu kwa sababu ya presha. Baba alikuwa amelazwa hospitalini, upande wa Rulenge, na baba mdogo ndiye aliyekuwa akimuuguza. Baba alikwenda kumsaidia mdogo wake huyo kusafisha shamba la migomba, akakanyaga kisiki. Ana kisukari, lakini kwa ubishi wake alikificha kidonda ndani ya buti la mpira mpaka kikanuka. Mama alijua kuna kidonda. Zaidi ya hapo hakujua kitu.

Hakujua kwa sababu sisi tulikuwa tumeamua asijue. Kwetu habari mbaya haipelekwi moja kwa moja kwa mwenyewe. Inapelekwa kwa mtu mwenye moyo mgumu, naye anaikalia, anahakikisha kwanza mhusika amekula, ndipo anaitoa kidogo kidogo. Katika ukoo wetu mtu huyo ni mimi. Kila asubuhi baba mdogo alinipigia, nikaenda kusikilizia nyuma ya choo, nikarudi na uso mkunjufu kumwambia Mama kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Mama alimshukuru Mungu na kuendelea kunitazama.

Siku ninayoisema, chaja yangu ya ukutani iliungua. Simu ilikuwa karibu kuzima, na baba mdogo alikuwa amenionya nisikae mbali nayo, maana madaktari wangetoa kauli. Nikaichomeka kwenye spika, nikaziwasha. Mama alikuwa uani, chini ya dirisha, anapukuchua maharage. Sauti ilikuwa bado juu, kama wanakwaya walivyoiacha.

Simu ikaita. Nikaipokea, nikaiweka sikioni, nikasema shikamoo. Sikioni kimya. Marahaba ilitokea nyuma yangu na kujaa nyumba nzima.

"Mguu unatakiwa kukatwa leo," baba mdogo alisema. "Wakichelewa, sumu inapanda. Na kaka amekataa, anasema bora afe akiwa mzima. Sasa mama yako asijue kabisa, tutawapoteza wote wawili."

Nikafanya ujinga. Nikachomoa kebo. Lakini sauti haikuwa inapita kwenye kebo, kebo ilikuwa inaleta umeme tu. Baba mdogo aliendelea kusema mle ndani ya spika, na simu ikaanza kulialia njaa. Nikaichomeka tena haraka, nikashika swichi ya ukutani. Nikizizima spika, simu inakufa, na Rulenge wanabaki na mgonjwa anayekataa. Nikiziacha, Mama anasikia. Nilipokumbuka kwamba kuna kitufe cha kupunguza sauti, maharage yalikuwa yameacha kudondoka kwenye ungo, na Mama alikuwa mlangoni.

Niliogopa sana. Nilikuwa nimeshatafuta kwa macho mahali pa kumdakia. Hakuanguka. Alivuta kiti changu, akakaa mbele ya ile spika ya kulia, akaitazama kama anavyomtazama mgeni anayezunguka kusema shida yake.

"Shemeji," alisema, "mpe mwenyewe simu."

Baba mdogo, kwa mazoea, akaanza kumwambia kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Mama akasubiri mpaka tukasikia shuka zikikwaruza, kisha pumzi ya Baba, nzito, ya mtu mwenye homa, kana kwamba amekaa nasi pale mezani. Siku zote hizo nilikuwa nikisimuliwa tu. Sasa nilimsikia mwenyewe, na nikajua kwamba anakufa.

Walisemezana kwa Kihangaza chetu, maneno yao ninayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. Mama hakumbembeleza. Alimuuliza tangu lini amejifunza kuondoka bila kuaga. Baba alisema hataki kurudi nyumbani akiwa amebebwa. Kisha sauti yake ikawa ndogo.

"Nani atapalilia migomba yetu?"

"Yule yule anayeipalilia siku zote," Mama alisema. "Na mimi sikuolewa na mguu. Waache wakate."

Spika zikatoa mkwaruzo ambao sikujua kama ni kicheko au kilio. Halafu taa ya bluu ya spika ikazimika. Umeme ulikuwa umekatika, na simu ikazima nao. Jibu lake hatukulisikia.

Nikatoka kutafuta simu ya kuazima. Majirani wale wanaojaa kwangu kila siku walikuwa mashambani na simu zao. Niliporudi, Mama alikuwa amekaa pale pale mbele ya spika. Natamani angenigombeza. Aliniambia tu kwamba hakuna mtu anayekwenda nyuma ya choo kila asubuhi na kurudi amevimba macho. Alijua tangu mwanzo, na alikuwa amechoka kusubiri nimheshimu.

Umeme ulirudi jua likiwa limeshaelekea Rulenge. Mwanamke wa puani akatangaza, na simu ilipopata nguvu kidogo, ikaita. Baba mdogo hakungoja shikamoo yangu.

"Nipe shemeji," alisema.

Nikapunguza sauti, nikamwachia Mama chumba. Mimi mwenye moyo mgumu nikatoka uani na kushika maharage. Sikutaka kusikia. Nilipukuchua ovyo, nikatupa punje kwenye maganda na maganda kwenye ungo, mpaka Mama akaja kusimama mbele yangu.

"Umekula?" aliniuliza.

Najua habari zetu zinavyoanza, nimezianzisha mwenyewe mara nyingi. Nikamwambia sitaki chakula, aseme tu.

"Siyo mimi ninayeuliza," alisema. "Ni baba yako. Ameshakatwa, amezinduka, anauliza kama tumekula."

Tulikuwa hatujala tangu asubuhi.