Mashua Zilizokwama Kwenye Kompyuta ya Tonton

Wiki iliyopita binti yangu alirusha mikono juu akalalamika kwamba mchezo wake wa kompyuta unakwama. Nilivuta kiti, nikakodoa macho dakika nzima, nisione kilichokwama. Kila kitu kilikuwa kinateleza. Ati picha zimepungua kidogo kwa sekunde, ati prosesa imezidiwa. Nilicheka hadi akanuna. Wewe rafiki yangu niache nikueleze kukwama ni nini, maana mimi nilikulia Kisangani miaka ya vita, na huko kukwama tulikujua vizuri.

Mto wenyewe ulikuwa umekwama. Maji yaliendelea kushuka kama kawaida, lakini wapiganaji waliufunga mto kule chini, na hakuna meli iliyotoka Kinshasa wala iliyokwenda. Bandarini meli zilikaa kwenye kamba hadi majani yakaota juu ya sitaha. Baba yangu alikuwa fundi wa injini kwenye meli moja ya mizigo. Alishuka nayo safari ya kawaida kabisa, nikamwagiza viatu vya shule, kisha vita vikafunga njia nyuma yake. Nilikuwa na miaka tisa. Nyumbani tulibaki mimi, mama, na bibi aliyemzaa baba. Bibi alikwenda ukingoni kila asubuhi kuuliza habari, akarudi na samaki, na siku nyingine hata samaki hakuna.

Jirani yetu alikuwa mwalimu wa hesabu, na mtaa mzima tulimwita Tonton, yaani mjomba. Kabla ya vita alimsaidia mtafiti mmoja mgeni aliyekuwa akihesabu panya wa msitu wa Masako. Mambo yalipochafuka, mtafiti aliondoka kwa ndege na mfuko mmoja, na kompyuta ikabaki kwa Tonton. Ilikuwa kompyuta ya panya, usicheke. Ndani yake kulikuwa na orodha za mikia na uzito wa panya, kurasa na kurasa. Lakini kati ya diski zake kulikuwa na moja ya mchezo wa mbio za mashua.

Siku Tonton alipoifungua kwa mara ya kwanza, watoto sita tulikuwa tumebanana kwenye mkeka wake. Mto mzima ulitokea kwenye kioo. Maji ya kijani, miti pande zote mbili, wingu, na mashua nane zenye rangi za peremende. Sijawahi kuingia kanisani nikanyamaza namna ile. Nilinyoosha kidole nikagusa kioo, nikashangaa kwamba hakikulowa.

Halafu mashua zikaanza kwenda, na tukaona taabu yake. Picha zilikuja moja moja. Unaiona mashua hapa, unangoja, unaiona pale. Ukibonyeza kushoto, jibu linakuja umeshagonga ukingo. Ila saa iliyohesabu muda wa mbio pale juu haikuchelewa hata kidogo, ilikimbia sawasawa. Kwa hiyo muda uliisha kila mara kabla ya daraja la chuma, na hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyejua mto ule unaelekea wapi baada ya daraja.

Mimi nilijua, au nilijiambia kwamba najua. Mto wenye meli unashuka Kinshasa. Nikaweka nadhiri moyoni: nikifika mwisho wa mto ule kabla muda haujaisha, baba atarudi. Nilimwambia bibi peke yake. Nilitegemea atanicheka, lakini aliosha mikono, akachukua kigoda chake, tukaenda naye kwa Tonton. Tangu hapo alikuja kila siku. Picha zikisimama alikuwa akisema kwa heshima kubwa, "Muiache. Iko nafikiri."

Tonton alipotaka kuitibu mashine, alianza na kosa la watu wa mji wetu. Sisi Kisangani umeme unatoka kwenye maporomoko ya Tshopo, na lolote likiharibika tunaulaumu umeme huo.

"Ni courant," alisema. "Courant ya Tshopo iko faible, batu mingi beko naivuta."

Basi, kwa kuwa umeme dhaifu ulivutwa na wengi mno, Jumapili moja asubuhi alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba watu wachomoe pasi na friji kabla ya kwenda misa. Watu walimheshimu, wakachomoa. Mshonaji wa nyumba ya pili, Mwislamu asiye na misa ya kwenda, alizima cherehani yake ya umeme akaja kusimama dirishani aone faida. Mtaa ulikuwa kimya kabisa. Tukawasha. Picha zikaja moja moja vilevile, na mshonaji akarudi kazini akinung'unika juu ya suruali ya mteja.

Siku chache baadaye mashine ikaanza kujizima yenyewe. Tonton alifungua sanduku lake, tukasikia harufu ya vumbi lililoungua. Kifeni kilichowekwa juu ya prosesa, ndiyo bongo la mashine, kilizunguka kwa uchovu.

Bibi alisogeza mkono karibu. "Eh! Iko na moto kuliko mbabula!"

Akaenda nyumbani akarudi na kipepeo anachochochea nacho makaa kwenye mbabula, jiko letu la mkaa. Akaanza kulipepea lile bongo taratibu, mkono mmoja hadi mwingine, na mashine haikujizima tena. Unaweza kuamini? Moto anaupepea uwake, na mashine anaipepea ipoe, kwa kipepeo kimoja. Nyumbani lituma yetu, ndizi za kuchemsha na kutwanga, ilichelewa kila jioni, na mama akauliza kama sasa tutakula mashua.

Lakini picha bado zilikwama. Tonton akapata wazo la kuipunguzia mashine mzigo. Akaondoa miti yote kwenye mchezo, kwa kubonyeza mara moja tu. Niliililia ile miti, nakwambia kweli. Akaondoa mawingu. Akaondoa mng'ao wa maji. Tukabaki na mto wa kijivu katikati ya utupu, na mashua bado ziliruka kama vyura.

Tonton alizima, akakaa mbele ya kioo cheusi kama anavyokaa mbele ya hesabu iliyomshinda. Kesho yake alasiri alituita, akazungumza polepole.

"Bon. Mi nilikosea. Miti ni kintu ya kupaka rangi tu, na kuko kadi ingine ndani yenye iko napaka. Njo si miti. Lakini ile mashua saba ingine, nani iko naziendesha? Ni bongo. Moja moja, bongo iko nafikiri: huyu apite wapi, huyu agonge nani. Mashua saba, kichwa moja! Njo maana imechoka."

Akarudisha miti, mawingu, na mng'ao wote. Akaondoa mashua saba. Akanipa mimi kibao cha kubonyezea, na bibi akashika kipepeo.

Ndugu yangu, ule mto ulitiririka. Ulitiririka! Miti ilipita pande zote bila kukatika, maji yalifunguka mbele ya mashua yangu na kujifunga nyuma, nami nikainama kila kona kama niko juu ya maji ya kweli. Nililipita daraja la chuma nikipiga kelele. Nyuma yake kulikuwa na kisiwa, na ndege weupe waliokuwa wakitungoja humo muda wote. Mto mzima haukuwa na mtu isipokuwa mimi. Bibi alinong'ona kwamba hata wetu sasa uko hivyo, mayi iko, meli hakuna. Nikapinda kona ya mwisho nikitafuta maghorofa ya Kinshasa.

Nikaona gati lilelile nililoanzia.

Ulikuwa mto wa mduara. Kioo kilishangilia kwa rangi zote kwamba nimemaliza na muda umebaki, na mimi nikaangua kilio, kwa sababu hapakuwa na Kinshasa wala baba. Bibi aliacha kupepea. Alikuwa amekitazama kioo kwa macho ambayo sijayaona tena kwa mtu.

"Kumbe muto inaweza kurudia?" akauliza.

"Mule ndani, ee, koko," Tonton akajibu, maana koko kwetu ndiyo bibi.

"Basi na mutoto yangu atarudia."

Akasimama, akabeba kigoda, akaenda kutwanga lituma. Hakuwahi tena kuuliza habari ukingoni.

Mashine ile ilikufa kabla ya vita kuisha. Tonton alihamia kwa wakwe zake Banalia, nyumba yake ikapata wenyewe wengine, na watoto wa ule mkeka sijui wako nchi gani. Mto ulipofunguliwa, baba alishuka kwenye meli ya kwanza akiwa na mvi. Bibi tulikuwa tumemzika mwaka mmoja kabla. Baba alikaa kaburini kwake mchana kutwa, kisha akaniuliza kama mama yake alikufa akiwa amekata tamaa.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia aliuona mto ukirudi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha.