Dawa ya Mwanangu Ilipofanywa Beki

Jumatatu nilikuwa kwenye duka la dawa pale Shirimatunda, mtoto mgongoni anawaka moto, pumzi yake fupi fupi shingoni kwangu, na mimi naogopa hata kugeuka kumtazama. Muuzaji alikuwa ameshaitoa kabatini chupa yetu ya dawa ya homa. Badala ya kunipa, akaisimamisha juu ya kaunta na kumwonyesha rafiki yake aliyekuwa ameegemea pale.

"Huyu ndiye beki wetu jana. Kasimama kama mgomba, mpira unapita."

"Kocha apewe muda," rafiki akasema.

"Muda gani? Aondoke leo. Mashabiki tumechoka kuambiwa tusubiri."

"Kaka, naomba dawa," nikasema.

"Subiri kidogo, mama."

Hapo hasira ikashinda woga. Nikamnyakua yule beki. "Timu yako ikifungwa huwezi kusubiri hata wiki, halafu mimi mtoto anaungua ndiyo nisubiri?"

Rafiki wa muuzaji akacheka. "Aisee, umepokonywa mpira."

Msomaji, kocha wao simjui. Ila nikiulizwa nani afukuzwe leo leo, ninaye mmoja, na anasimama nyuma ya kaunta.