Visheti Vilivyorudi kwa Mwenyewe

Mwezi wa Shaabani nilikwenda kliniki na kidole cha mguu kisichopona. Nesi akakisafisha, akakifunga, kisha akaniuliza huku macho yake yako kwenye kompyuta: "Bi mkubwa, kwenu yupo mwenye sukari?" Nikajibu mbio mbio, "Hakuna." Lilinitoka lenyewe, kama mtu anavyoitika naam akiitwa jina lake. Nilipofika chini ya ngazi nikasimama. Hakuna? Nani kanambia hakuna?

Tangu siku ile nnashuku kila kitu, ndugu yangu. Kwenye simu haipiti siku sijaletewa dawa: mara kitunguu thomu na ndimu, mara majani ya mlonge, mara unga wa mwani wa Jambiani ndani ya kopo la kupendeza kuliko unga wenyewe. Jioni Forodhani watu wanatembea na saa zinazohesabu hatua, halafu wanakaa kitako kunywa juisi ya miwa. Na kila ujumbe unaanza vilevile: wazee wetu walikula vya asili, ndiyo maana hawakuumwa. Ati hawakuumwa! Mie nimelelewa Mji Mkongwe, kwenye kichochoro cha Kiponda, ukinyoosha mikono unagusa nyumba ya huku na ya kule. Wazee wetu nnawajua. Waliumwa, wakanyamaza.

Bibi aliyenilea alikuwa na shoga yake, nyumba zinatazamana, mlango kwa mlango. Huyo ndiye jirani wa mbele. Alikuwako na jirani wa nyuma, mtu wa ibada, asiyesema sana. Siku hizo sukari ilikuwa ndiyo kwanza imerudi madukani baada ya miaka ya foleni, na watu waliipokea kama mtoto aliyepotea. Chai ilitiwa mpaka midomo inanata. Mgeni ukimtilia kijiko kimoja anajua hapo hatakiwi. Alasiri kichochoro kizima kilinuka iliki na samli, unasikia mafuta yanachacharika nyumba ya tatu, na unajua leo kutakuwa na sahani. Kazi yangu ilikuwa hiyo, kupeleka sahani na kurudi na sahani, kwa sababu sahani ya mtu hairudi tupu. Huna kitu, tia hata ndimu mbili.

Bibi nilimshuku mapema. Alikuwa akinywa maji mtungini mpaka kata inakwaruza chini, asubuhi, mchana, hata akiamka kusali. Halafu wale sisimizi. Kila nikienda kuosha choo nnawakuta kwenye mfereji, mstari mrefu, wana shughuli kama wamealikwa. Nikajua tu kuna mtu anakula halua humu chooni kwa kujificha, na mtu mwenyewe si mimi. Nikamwambia bibi. Akasema, "Siri ya mtungi iulize kata. Mwagia maji, ufunge na mdomo wako." Siku nyingine nikamalizia kikombe chake cha chai kwa ulafi wangu. Lo! Chungu, haina hata chembe ya sukari. Sisi anatutilia, yeye anakunywa hivyo? Nikamdhania ubahili, na ubahili wa ajabu, wa mtu kujinyima mwenyewe.

Sasa jirani wa mbele alikuwa bingwa wa visheti. Alivibonyeza kimoja kimoja kwenye kitana alichokiweka kwa kazi hiyo tu ili vipate mistari, akavikaanga, akavigaragaza kwenye shira ya sukari mpaka vikawa vyeupe. Kitana chake kilikuwa kimevunjika jino moja la katikati, basi kila kisheti chake kilikuwa na pengo. Sikukuu moja alituletea sahani imejaa hadi kawa ya kuifunikia haishuki vizuri. Bibi akapokea, akasifu, akamuombea dua. Mlango ulipofungwa, akavihamishia kwenye sahani yetu, vyote, akanambia, "Peleka nyuma." Nilikula viwili njiani; mchukua sahani haki yake iko. Jirani wa nyuma naye akapokea, akasifu, akaniitikia shikamoo yangu kwa marahaba ndefu.

Siku chache baadaye, alasiri, jirani wa mbele akaingia kwetu bila hodi. Yeye, ambaye hupiga hodi tokea kizingitini kwake! Alikuwa amebeba sahani ya jirani wa nyuma. Akaiweka juu ya mkeka mbele ya bibi, akafunua kawa. Ndani visheti, kila kimoja na pengo lake.

"Shoga, hivi unavijua?"

Bibi akaivuta sahani karibu.

"Kaniletea wa nyuma, ati zawadi. Visheti vyangu mwenyewe, vimezunguka vimerudi kwa mama yao! Chakula changu kina nini? Sema nisikie. Umeambiwa nnakutilia kitu?"

Kama hukukulia kwetu, nikwambie. Kukikataa chakula cha mtu kwa siri ni kumwita mchawi bila kulitamka neno. Wale wawili walizalishana, walizikiana, walilia na kucheka pamoja, na hapo ilibaki kauli moja tu wafe hawaamkiani. Mie nimejibana nyuma ya pazia.

Kumbe bibi alikuwa na jibu. Mama alinambia baadaye sana kwamba daktari alishamwambia aache sukari, na bibi akamuapisha mama asimwambie mtu. Wakisikia nyumba ina maradhi hayo, nani atakuja kuposa kwetu? Kwa hiyo jibu akalimeza. Akanyoosha mkono akachukua kisheti, akakila. Akachukua cha pili, na cha tatu, macho yake yako kwenye macho ya shoga yake. Kisha akaniita, "We mtoto, lete chai. Na tia sukari, usione choyo." Jirani akacheka na machozi yanamtoka. "We mwanamke we," akasema, "ulitaka kuniua."

Toka siku ile jirani alikuja kila alasiri na kitu chini ya kawa, wakala pamoja. Ni mapenzi, alisema. Mie nnashuku alikuwa anamtazama anatafuna. Na bibi alitafuna.

Kisha kubadhi alilolivaa likamchubua mguu. Jeraha dogo tu, la kuchekwa, likakataa kufunga. Watu wakasema kijicho. Akaletwa wa kumsomea, ukafukizwa ubani nyumba nzima, na jirani wa mbele alikuwa akija mwenyewe kumuosha kwa maji ya chumvi na manjano, anapuliza kama anampuliza mtoto. Mguu ukaja ukakatwa, na bibi hakukaa sana baada ya hapo. Siku ya maziko jirani alikaa pembeni ya kitanda kitupu akawa anarudia neno moja: "Shoga yangu hakunikatalia kitu." Sijamsahau hata leo. Hakujua, masikini, na hakuna aliyemwambia.

Na yule wa nyuma, kwa nini naye hakuvila? Macho yalimwisha mapema, akawa anapapasa ukuta akitoka. Sisi tulisema uzee.

Basi nikapanda tena ngazi za kliniki. "Yupo," nikamwambia nesi. "Bibi yangu. Na nnashuku mtaa mzima." Akacheka, akaandika, akanipima; nami nikakutwa nayo.

Siku hizi nnakaa kwenye fleti, Kikwajuni. Ramadhani ilipokaribia kwisha, jirani wa mlango wa pili akaniletea kaimati, zinang'ara kwa shira. Nikasema moyoni, ya bibi hayatanikuta. Nikamwambia wazi, "Jirani, nisamehe, nnaumwa sukari." Akasema, "Oo, pole, Mungu akupe shifaa," akaondoka na sahani yake.

Kidole changu kimepona, alhamdulillahi. Nyumba ya bibi sasa ni hoteli, mtungini wamepanda maua. Asubuhi ya Sikukuu nilikaa sebuleni na nguo mpya, mlango nimeuegesha. Nikasikia sahani zinapita nje, watoto wanabisha hodi kwa huyu, hodi kwa yule, harufu ya iliki inaingia chini ya mlango wangu. Nyayo zikaja hadi kwangu. Nikasikia sauti ya mwanamke, taratibu, "Hapo siyo, hapo pana mgonjwa," na nyayo zikapita. Nikainywa chai yangu kavu, nikalia, na nikamuelewa bibi kwa nini alivila visheti vile.